Mlango wa Bi Mwanamvua

Misheni, Bagamoyo
12 Septemba 1886

Kwa dada yangu mpenzi Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Bonifasi na watoto, na kwamba ule mgongo wako umepoa, unaweza kuinama kuwaosha wagonjwa wako huko Unguja bila kujishika ukuta. Sisi huku miili yetu ni mizima. Mke wangu anakohoa kidogo, si kitu, ni vumbi tu.

Barua yako niliipata Jumamosi nikaisoma mara tatu. Umenipa pole kwa kufungiwa milango ya mjini, ukasema watu wale ni wagumu wa moyo, hawajui wema, nimwachie Mungu. Dada, pole yako imeninyima usingizi. Wewe ndiye uliyenilea tulipokombolewa utumwani tukashushwa hapa misheni sina mtu, basi nitakueleza wewe kabla ya mwingine.

Kazi yangu unaijua. Asubuhi nafundisha katekisimu, na kila Jumanne na Jumamosi nachukua kikapu cha dawa kwenda mjini kuosha vidonda. Mwaka wa kwanza nilibisha hodi nikachoka. Mwanamume mgeni, tena Mkristo, nani amfungulie? Aliyenifungulia ni Bi Mwanamvua, mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule wamepokewa na mikono yake, na neno lake katika nyumba za watu lilipita la mume. Aliniuliza kama marhamu yangu ina mafuta ya nguruwe. Nikamwambia ni nazi na nta. Akainusa, akajipaka mkononi, akasema haya, twende.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyetangulia. Anaingia, anazungumza na wenyewe, mimi nimesimama nje na kikapu changu, kisha nasikia ananiita, “Pita, Mkristo wangu, na inama, usije ukatubomolea nyumba kwa kichwa chako.” Wanawake wanacheka, nami naingia. Sharti lake lilikuwa moja. Alisema niwaoshe watu vidonda nitakavyo, ila dini yangu niiache mlangoni, na hasa kwa binti yake Mosi, maana ndiye mtoto pekee aliyebaki kati ya wanne aliowazaa. Nikamwahidi. Niliapa kwa jina la Mungu, dada, wala hakunilazimisha kuapa.

Miaka miwili tulikwenda hivyo. Mwezi wa Julai Mosi alimaliza juzuu ya Kurani chuoni, mama yake akapika, akaniita na mimi. Nilikaa barazani na wazee, mwalimu wake Mzee Mwinjuma akanisogezea sinia kwa mkono wake. Bi Mwanamvua akasema kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba Mkristo huyu ameingia nyumba zetu miaka miwili na hajavunja neno lake hata mara moja. Wazee wakaitikia. Mimi nikaurudisha mkono kutoka siniani.

Siku ya tatu nilikwenda peke yangu nikamwambia jambo fulani, nitakalokuambia sasa hivi. Hakunitangaza kwa mtu. Aliacha tu kutangulia. Nikibisha, naambiwa mwenye nyumba hayupo. Mwajabu, yule mwenye donda la mguu lililokuwa limeanza kufunga, nilikwenda kwake Jumanne tatu, kila mara shemeji zake wakinijibu kwamba Bi Mwanamvua hakuja, basi na wewe nenda. Alizikwa mwezi uliopita. Padre aliponiuliza kulikoni, nikamjibu kwamba Waislamu wamekataa dawa yetu. Akaniamini. Amesema kikapu kisiende tena mjini, kiende kwa wapagazi wa misafara tu, na mwezi huu atawaandikia wakubwa wake hivyo hivyo.

Sasa sikiliza, dada. Hawakukataa. Ni mimi.

Masika ya mwaka jana Mosi alishikwa na homa kali na degedege. Nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha maji. Mama yake alipoona macho yamegeuka alikimbia kumwita Mzee Mwinjuma aje kumsomea, akaniachia mtoto mikononi. Nilimwona anakufa. Nikawaza, hii roho itapotea nami nimeshika maji? Nikammwagia kichwani mara tatu, nikayasema maneno ya ubatizo, nikampa na jina. Mama yake aliporudi akauliza mbona nywele zimelowa hivi. Nikasema nampoza. Mtoto akapona.

Nilipomwambia Bi Mwanamvua hayo, siku ile ya Julai, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

“Nilikukataza, au sikukukataza?”

“Ulinikataza, Bi.”

“Na jina ukampa?”

“Nilimpa.”

“Usinitajie.” Akachambua tena kidogo, ndipo akaniuliza, “Wewe jina alilokupa mama yako unalikumbuka?”

Nikasema silikumbuki, nilichukuliwa mdogo mno.

“Basi uchungu huo unaujua,” akasema, “na bado ukamtenda mwanangu.”

Nikainuka nikaondoka. Jumapili nitamwambia Padre kwamba nilisema uongo, kwamba mimi ndiye niliyevunja ahadi, asiwaandike vibaya watu wa mjini. Najua ataniuliza ni mtoto gani, maana kwa sheria yetu aliyebatizwa ni wa Kanisa, na atataka aletwe afundishwe. Hapo nitanyamaza, hata kama ataninyang'anya katekisimu na kikapu. Mosi sitamchukua mara ya pili. Kama kunyamaza huko nako ni dhambi, niambie, wewe umekaa na masista miaka mingi, unajua kuliko mimi.

Mke wangu anakusalimu sana. Msalimu shemeji, wabusu watoto, na uniombee, na umwombee Mwajabu pia. Tafadhali, dada, nijibu upesi, kabla ya Jumapili kama utampata mtu wa kuvuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kornelio