Mashamba Yasiyo na Mwenyewe

Jumatano, mchana. Ukungu umeshuka milimani tangu alfajiri na mpaka saa hizi haujapanda. Hapa mjini hakuna mvua, lakini nguo hazikauki, na mimi mwenyewe sijatulia.

Sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika hapa. Wasomaji wangu wanne mtanisamehe.

Ofisi yetu inapima mashamba. Ni kampuni binafsi ya watu sita, mojawapo ya hizi zilizochipuka tangu mali za serikali zianze kutafutiwa wenyewe wapya. Mimi ndiye niliyetengeneza programu yetu ya ramani. Unaiwasha, inakuchorea mashamba ya kijiji: la kijani lina mwenyewe, la kijivu halina. Ilikuwa inafungua faili moja tu, lile la mchoro wa zamani, kwa sababu mahali faili lilipo nilipaandika ndani ya programu yenyewe. Uvivu wangu, nakiri.

Jumatatu bosi alikuja mezani kwangu. Alitaka awe anachagua faili mwenyewe.

"Weka kitufe, kidirisha kifunguke, nichague," aliniambia. "Jumamosi tunakwenda Mgeta kuwaonyesha wanakijiji na mwekezaji. Wewe ndiye utakayekaa kwenye kompyuta."

Nilifurahi. Kazi za namna hii nazipenda kwa sababu zina mwisho. Kidirisha chenyewe hukitengenezi, kimo tayari kwenye kompyuta, unakiita tu. Kinachokutoa jasho ni kukifundisha adabu. Mtu akikifungua halafu akaghairi, programu isife. Kionyeshe mafaili ya ramani tu, siyo barua za ofisi na picha za harusi ya bosi. Hilo la kughairi lilinila siku nzima, kila nikighairi programu inazima yote. Jana asubuhi ikakubali. Nikaiweka kwenye kompyuta ya bosi niijaribu, yeye akiwa ametoka kunywa chai.

Nikabofya kitufe. Kidirisha kikafunguka. Ndani kulikuwa na mafaili mawili.

La zamani nalijua. La pili sikuwahi kuliona. Lilikuwa la upimaji wa mwezi uliopita, na mwisho wa jina lake mtu alikuwa ameongeza "kwa mwekezaji". Nikalichagua, kwa nia safi kabisa ya kujaribu kazi yangu.

Kijivu.

Mteremko mzima wa upande wa kwetu huko Mgeta, toka kanisani hadi mtoni, ulikuwa kijivu. Kabichi za watu, njegere za watu, nyumba aliyozaliwa mama yangu. Nikabofya shamba moja moja. Mwenyewe: hakuna. Mwenyewe: hakuna. Matumizi yanayopendekezwa: maua ya kuuza nje. Nilipofika kwenye shamba letu nikaona wapimaji wameandika na maelezo: mzee aliyeulizwa amesema si lake.

Mzee huyo ni mjomba wangu. Nilimsikia kabisa akijibu hivyo, ingawa sikuwepo. Kwetu Uluguru hakuna mwanamume anayesema shamba la ukoo ni lake. Ardhi ni ya lukolo, ukoo wa upande wa mama, na mjomba kazi yake ni kuilinda. Wapimaji ni wageni. Waliuliza wazee wote swali moja, wakajibiwa jibu moja, wakaandika walichosikia. Hawakudanganya. Hilo ndilo linaloniuma.

Bosi alirudi. "Inafanya kazi?"

Nikasema inafanya. Akakifungua kidirisha, akakifunga, akafungua tena, kisha akasema safi, Jumamosi nisichelewe. Hajui kwetu ni wapi. Jina langu la mwisho ni la baba, na baba ni mtu wa Singida.

Najua karatasi inaweza kumfanya nini mtu. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilipouzwa, jina lake halikuwemo kwenye orodha iliyobandikwa getini. Hakuna aliyemgombeza, hakuna aliyemfukuza. Alirudi nyumbani akakaa.

Basi nikiri na hili. Jana mchana niliandika mstari wa kulificha faili la pili, lisionekane kwenye kidirisha. Mstari mmoja tu. Nikaujaribu, ukafanya kazi vizuri, nikaona aibu nikaufuta. Kuficha ramani hakubadilishi kilichoandikwa ndani yake.

Leo mjomba ameteremka na kabichi zake. Nimemkuta sokoni, amekalia gunia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Skola. Mbona umekunja uso?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono juu ya gunia.

"Waliniuliza kama ni langu," akasema. "Si langu."

"Jumamosi waambie ni lako. Mara moja tu, mjomba, kwa ajili ya kuandikwa."

"Mbele ya watu wa lukolo letu? Nitakuwa mwizi."

Nikamuuliza, kwa hasira ninayoijutia, sasa mwenyewe ni nani, maana kompyuta inataka jina la mtu.

Alinitazama kama aliyekuwa akijiuliza mama yangu alinifundisha nini.

"Ni la watoto wa dada. Dada nilikuwa naye mmoja, Mungu amrehemu, naye alikuzaa wewe tu. Wale hawakuniuliza mwenyewe yuko wapi. Wangeuliza ningewaambia yuko mjini, anafanya kazi ya kompyuta."

Kisha akageuka kumhudumia mteja.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema "kule kwa mjomba".

Jumamosi nitakaa kwenye ile kompyuta. Wataniambia nifungue faili la pili, na nitalifungua, kwa sababu wanakijiji wanastahili kuliona kwa macho yao. Halafu nitabofya shamba letu, nifute "hakuna", niandike jina langu lote, bosi akitazama. Nitawaeleza akina mama watakaokuwa wamekaa mbele kwamba na mashamba yao yanaandikika vivyo hivyo. Kazi yangu itaishia pale, hilo nimeshalikubali, japo kodi ya chumba haijalikubali.

Ninachoogopa ni kingine. Kompyuta ni ya bosi. Akishaninyanyua kwenye kiti, anaweza kulifunga faili bila kuhifadhi nilichoandika, kimya kimya, na watakaokuwa wameliona jina langu ni wanakijiji peke yao.

Wakija kuulizwa, watasema walichokiona?