Mkono Uliotulia Mapema Mno

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Unalala vya kutosha? Sisi tuko salama, isipokuwa goti langu, na hilo umelizoea.

Nakuandikia habari za baba yako. Tangu wamtoboe kichwa kwenye utafiti ule uliomwambia, kila akienda kupimwa hospitalini anatembea kama bwana harusi. Daktari anafurahi, nesi anapiga picha za video. Tukirudi nyumbani, jioni hiyo hiyo kifungo cha shati kinamshinda. Kinyozi mzima, wembe hajaugusa tangu mwaka jana!

Naona kuna jambo nafichwa. Walimwekea hizo seli za kutibu ugonjwa wake wa kutetemeka, au walimtoboa tu wakashona? Wewe ndiye unayezikuza huko maabara. Usiniambie hujui.

Mama yako

19 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi ni haba. Pole na goti.

Kweli sijui. Nusu ya wagonjwa waliwekewa seli, nusu walitobolewa tu, ili tuweze kulinganisha. Baba hajui yuko kundi gani, wala daktari anayempima. Mimi nazilisha seli kwenye vyombo, majina ya wagonjwa siyaoni.

Lakini barua yako imenitia wasiwasi. Seli hizi zikipandwa kwenye ubongo zinaota mizizi polepole sana. Huchukua mwaka, pengine zaidi, mtu kuona nafuu. Baba hajamaliza hata miezi mitano.

Siku ya kipimo hatakiwi kumeza vidonge vyake vya zamani vya kutuliza mtetemeko tangu usiku uliotangulia, ili waone ubongo unafanya nini wenyewe. Anafuata? Hebu mwangalie. Usimwambie kama nimeuliza.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umenifanya askari kanzu kwa mume wangu mwenyewe, na kazi nimeifanya.

Jana nilimsindikiza. Tulipofika getini akasema anaenda chooni. Nikamfuata, nikasimama mlangoni bila haya, wanaume wananitazama. Alipotoka alikuwa anasokomeza mfukoni kitambaa kilichofungwa. Nikakivuta, vidonge vikamwagika.

"Hivi nini?"

"Vya kikohozi."

"Umeanza kukohoa lini?"

Akakaa kwenye benchi. Mwanangu, tangu nimjue sijawahi kumwona mdogo vile. Akasema, "Yule mtoto amejikausha miaka na kazi ile. Nikiingia mle natetemeka, watasema haifai kitu. Nitamwangusha mwanangu kwa mkono huu?"

Ndiyo hivyo. Ni mzee mmoja tu kati ya wengi. Nyamaza, mwanangu. Nitahakikisha hamezi tena, na yaishe kimyakimya.

Mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, sijanyamaza.

Nilijaribu. Kisha nikawaza: wakiamini matokeo ya uongo, kesho watatoboa vichwa vya baba za watu wengine kwa sababu ya uongo huo. Nimemwambia mkubwa wangu asubuhi ya leo.

Alivua miwani akauliza, "Ni wewe uliyemfundisha ameze?" Nikasema hapana. "Basi ulijuaje vidonge viko mfukoni, na yeye yuko mbali?" Nikasema mama yangu ameniandikia. Akacheka puani. Wamechukua ufunguo wangu wa maabara mpaka wachunguze. Wenzangu nikiingia chumba cha chai wanabadilisha mazungumzo.

Watamwita Baba. Mwambie wewe mwenyewe kwamba nimesema, kabla hawajamwita. Asilisikie kwa mgeni.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Najua umengoja. Nilipomwambia, baba yako aligeukia ukutani, na kwa wiki nzima tukawa tunaongea kupitia paka. Hata wewe nilikukasirikia, sikufichi.

Kisha siku waliyomwita hospitalini akavaa shati, nikamfunga vifungo, akasema twende. Hakumeza kitu. Njia nzima nilimkagua mifuko, akaniachia.

Mle ndani walikuwa watatu, na mmoja ametumwa na mkubwa wako. Aliuliza maswali kwa kuzungukazunguka, akimtega. Baba yako akamkatiza: "Binti yangu hakujua kitu. Mwongo ni mimi." Kisha wakamwambia atembee mpaka dirishani. Miguu iliganda kama imepigiliwa misumari. Nesi akataka kumshika, akakataa.

"Niacheni. Andikeni mnachokiona."

Alifika. Sijui kama ana seli zako kichwani au ana kovu tupu, na wao hawakusema. Vipimo vyake vya nyuma wamevifuta, lakini wataendelea kumwangalia, maana kichwa chake tayari kimetobolewa.

Kukuandikia alikuwa hataki hata kusikia. Leo nilipokaa mezani akaja kusimama nyuma yangu. "Muulize kama bado wanamshuku." Nikamwambia hilo aulize mwenyewe.

Sasa amevuta kiti, karatasi anayo, na neno la kwanza bado hajalimaliza. Barua yake itachelewa. Isubiri.

Mama yako