Sekunde Tano za Ukimya

Dada Helvi,

Leo Ijumaa asubuhi meneja wetu Jarkko, ambaye ng'ombe amemwona kwenye pakiti ya maziwa tu, ametangaza kwamba muuzaji akinyamaza sekunde tano kwenye simu amefeli. Na asiyeuza mashine ya kukamua wiki hii, kazi hana.

Mchana nilimpigia mkulima Eino kumuuzia mashine. Akanyamaza, kama wanavyofanya wakulima wa kwetu wakiwa karibu kununua. Jarkko, nyuma yangu, akanong'ona, "Ongea, mzee. Umelala?"

Nikaongea.

"Taisto," Eino akasema, "nilidhani wewe una akili." Akakata simu.

Jarkko kanipa alama kumi kwa kumi. Kikao cha kuniachisha kazi kwa kutouza ni Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Kaka yako,
Taisto