Ubao Nisioupaka Oili

Baba,

Mwangaluka. Najua huwezi kuitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hasemi shida yake kabla hajasalimia, hata kama nyumba inaungua. Basi nimesalimia. Sasa nyumba inaungua.

Mchwa wamekula magazeti yako ya katuni. Nimeandika haraka kabla moyo haujanisaliti. Yote uliyokuwa ukiyatazama ukutani kutoka kitandani, makasha ishirini na matano niliyoyatengeneza kwa mikono yangu, yameliwa. Na kosa si la mvua wala la nyumba yetu ya tofali mbichi. Ni langu. Nilikudanganya, Baba.

Unakumbuka yalivyoanza kuja? Ni ule wakati kila kitu kilikuwa ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia Bariadi na malori yao, na yule dereva uliyemtengenezea kitanda akawa anakuletea kila toleo kutoka Mwanza, limeshachelewa wiki tatu. Mji mzima uliyasoma, ukacheka, kisha ukayafungia karanga. Wewe peke yako ulinawa mikono kwanza. Ulisoma umekaa wima kama uko kanisani, ukamaliza, ukayalaza sandukuni bila kuyakunja. Watu walikuja kuazima ukawaambia hayapo. Mimi nilikuwa naona aibu, mzee mzima anadanganya kwa sababu ya katuni.

Lakini Jumapili yalitoka sandukuni. Mama hajui kusoma, na Kiswahili cha mjini kinamchosha, kwa hiyo ulimgeuzia kila kitu kwa Kisukuma. Pembeni mwa picha uliandika kwa penseli maneno yaliyomchekesha, ili mara nyingine usiyakosee. Mama alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho kwa kitenge. Mimi nilijifanya nasafisha sufuria, kumbe nasikiliza.

Kifua kilipokubana ukashindwa hata kushika randa, ulisema unataka kuyaona yote kwa pamoja kabla... Hukumalizia, nami sikukuuliza. Ulikuwa umeshatengeneza kasha la kwanza mwenyewe: mbao nyembamba, kioo mbele, plaiwudi nyuma, gazeti limesimama ndani. Kasha gumu, hata likianguka gazeti halikunjiki. Nyuma ukalipaka oili chafu, ile uliyoomba gereji, kama ulivyopaka kila ubao wa maisha yako. Ulikuwa unasema, "Ubao ukigusa ukuta wa udongo, paka oili mchwa wasiuguse, hata kama ni kabati la mkuu wa wilaya." Baada ya siku chache oili ikapenya, ikatia doa la kahawia kwenye kona ya gazeti. Nilikufokea siku ile. Mgonjwa, na mimi nakufokea kwa sababu ya kona ya karatasi. Kasha hilo nikalitundika nyuma ya mlango wa karakana wageni wasilione.

Yale mengine nikayafanya safi. Nilipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Nilikata vioo kutoka mabaki ya madirisha, nikapigilia papi, zile mbao nyembamba za kutundikia, ukutani, nikayapanga safu tano, majalada yote yanatazama kitandani kwako. Ukuta ulipendeza, Baba, ukautazama safu kwa safu. Kisha ukauliza, "Kabula, nyuma umepaka oili?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Ukafumba macho ukatabasamu. Wiki iliyofuata tukakurudisha kijijini Nkoma tukakuzika karibu na bibi.

Tangu hapo nimeendelea na karakana. Wateja wanaingia wanaona msichana, wanauliza fundi yuko wapi, nawajibu mnaongea naye. Bwana mmoja wa Mwamapalala aliagiza kitanda, siku ya kukichukua akaja na mjomba wake kukagua viungo. Wakakitikisa, wakakilalia wote wawili, wakalipa. Nilitaka kukimbilia ndani nikusimulie. Nilifika mpaka mlangoni.

Mama hakucheka tena. Anakula vijiko viwili anasukuma sahani, anavuta kigoda anakaa mbele ya makasha, anatazama. Mvua zilipoisha, Jumapili moja tumetoka kanisani, akaniambia kwa Kisukuma, "Leta lile la mganga wa meno, unisomee." Moyo wangu ulifurahi! Nilisema huyu Mama anarudi.

Nikalitoa ukutani. Likawa jepesi. Kwa mbele yule mganga yuko vilevile, koleo mkononi, mgonjwa amempanulia mdomo. Nikaligeuza, plaiwudi ikasagika mikononi mwangu na udongo ukamwagikia miguuni. Mchwa walipanda ndani ya ukuta, wakaingia kwa nyuma, wakala kurasa zote wakaacha jalada limeganda kwenye kioo. Nikamwambia Mama kioo kimeingia vumbi, nakwenda kukifuta. Uongo wa pili huo.

Kesho yake Mama alipokwenda sokoni nikafungua yote. Moja baada ya jingine, Baba. Kila nililoshika nilisema hili litakuwa zima. Nilikaa chini kwenye ule udongo nikalia kama siku ya msiba, tena zaidi, maana siku ile nilikuwa na watu wa kunishika. Kisha nikafanya ujinga mkubwa: nikayafunga, nikayarudisha ukutani. Jumapili tatu sasa nakaa mbele ya Mama na kasha lililofungwa, nasimulia kwa kukumbuka tu. Nakosea. Nachanganya mganga na shemeji yake. Jumapili iliyopita akanitazama sana, akasema, "Mbona hugeuzi? Baba yako alikuwa anageuza."

Sikuwa na cha kugeuza.

Wiki hii kazi haiendi. Nimepima mbao nikakata fupi mara mbili. Natamani uamke unifokee tu, unirushie hata mkebe wa misumari. Penseli yako, Baba. Magazeti huenda yakapatikana kwa mtu Mwanza, lakini maneno yako ya penseli nitayapata wapi?

Leo asubuhi nilifunga mlango wa karakana mteja asinikute nalia. Likawa linanitazama lile kasha lako la kwanza. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Niliogopa kuligusa. Nilipolishika lilikuwa zito. Nyuma ni jeusi, linanuka gereji, hakuna hata njia moja ya mchwa. Nikafungua. Kurasa zote zipo. Doa limetanuka kidogo pale kwenye kona, limepita kurasa zote, na kila neno linasomeka. Penseli yako pia. Mahali pamoja umeandika, "Hapa subiri, acheke kwanza."

Hilo ndilo doa nililokufokea.

Ni kasha moja, Baba. Moja kati ya ishirini na sita. Sijipi moyo kwa hilo, wala sikuombi uniambie si kitu.

Naandika hapa kwenye benchi lako, na kesho ni Jumapili. Tukitoka kanisani nitayashusha yote ishirini na matano mbele ya Mama, nimwonyeshe udongo, nimwambie nani hakupaka oili na nani alikuambia amepaka. Sijui atanifanya nini. Akinyamaza, nitamvumilia. Kisha nitavuta kigoda karibu naye na lile moja, nimsomee kwa Kisukuma chako, na pale ulipoandika nisubiri, nitasubiri hata kama hacheki.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitageuza kila ukurasa.

Nitanawa mikono kwanza.

Mwanao,
Kabula