Sauti ya Mzimu Ilikuwa ya Mjomba Bunlert

Duang, nimeipata! Ile filamu yetu ya mzimu, tuliyoitazama utotoni kwenye uwanja wa hekalu!

Nimeitazama yote. Mzimu hasemi kitu! Kumbe ilitengenezwa bila sauti. Vichekesho vyote vile alivitunga mjomba Bunlert palepale, akimsemea mzimu kwa maikrofoni yake!

Nikamkimbilia nyumbani. "Mjomba, hebu sema tena yale maneno ya mzimu pale mlangoni!"

Mkewe akanitolea macho. "We Sumali, hukusikia? Alipasuliwa koo mwaka jana. Sauti ndiyo imekwenda."

Duang, sikujua! Wallahi sikujua!

Mjomba akaniandikia kwenye karatasi: "Nilikuwa nabuni tu. Nilisemaje pale?"

Nimesahau. Miaka yote nacheka, kumbe maneno sina.

Usiniambie na wewe umesahau.