Zulia la Boti ya Kijiji

Jumanne, Machi 1979

Itangazwe kutoka hapa ziwani hadi bomani Biharamulo: boti ya kijiji ina zulia.

Nimelishona mwenyewe kwa magunia ya katani, maana madukani hata sabuni hakuna, sembuse zulia. Boti ilikuwa ya mzungu mnunuzi wa pamba, aliyependa kuvutwa nayo amesimama juu ya mbao majini, kama mtu aliyekosa kazi. Zulia lake lilibandikwa kwa gundi. Likanywa maji, likaozesha sakafu yote. Langu nimelifunga kwa vifungo. Likilowa linatolewa, linaanikwa.

Mwenyekiti wetu alishaapa: sakafu mpya ya mninga niliyoiweka ikilia tu ikikanyagwa, boti inapasuliwa kuni za shule. Na mimi, seremala nisiyefundishwa na mtu, ningerudi kuchonga vigoda. Niliogopa, nakiri.

Leo ameita watu kumi wasimame ndani. Wa kwanza Bibi Nyamwiza, mwenye mwili wake.

"Shikamoo, bibi. Panda."

"Marahaba. Nikizama, fundi, utanioa au utanizika?"

Alipoliona zulia akarudi nyuma, akavua kandambili, akaziacha ufukweni. Wengine wote wakavua, hata mwenyekiti na viatu vyake vya mikutano. Hakuna aliyewaambia! Wakaruka, wakaimba. Sakafu kimya.

"Haya," mwenyekiti akasema, "haipasuliwi."

Nimerudi nyumbani kwa kupitia sokoni, polepole, ili nionekane.

Injini ilichukuliwa kwenda vitani mwaka jana. Haijarudi.