Mninga Niliokuficha

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua ungeitikia kisha uulize papo hapo kama nimekula. Nimekula, baba, ugali kwa uyoga.

Tangu asubuhi nimeshika simu. Picha yako iko tayari kwenda kwenye ukurasa wetu wa asali, ila nimekwama kwenye maelezo yake, yale yanayofichwa nyuma ya picha ili simu imsomee asiyeona. Wewe ndiye uliyenifundisha kuyaandika, na ni wewe niliyekudanganya nayo.

Unakumbuka nilipokuletea ile simu inayosoma kwa sauti? Macho yalikuwa yameshazimika, ukawa unakaa uani pale Sikonge ukisikiliza kila nilichotuma. Mwanzoni niliandika kivivu: "Picha ya asali." Ukanipigia hapo hapo. "Asali ipi, mwanangu? Nyeusi au nyeupe? Imo kwenye debe au kwenye chupa?" Nikacheka, nikaandika upya. Nikiandika "mandhari nzuri", unaguna. "Nzuri nitasema mimi. Wewe niambie kuna nini."

Loo, ulinichosha! Lakini watu wengine wasioona wakaanza kutuandikia kushukuru, nami nikawa najivuna kana kwamba akili ile ilikuwa yangu.

Halafu ukaniomba picha ya mninga wako, ule ulikotundika mzinga wako wa kwanza, wenye mikato mitatu uliyochonga mdomoni ili kila mrina asali ajue una mwenyewe. Nikapanda baiskeli hadi porini. Nilikuta kisiki. Wapasua mbao walishapita, na mzinga ulikuwa chini umepasuka, hata nyuki mmoja hayupo.

Sikuweza kukwambia. Nilitafuta picha ya mwaka juzi, nikaandika kwa ustadi wote ulionipa: "Mninga mrefu wenye majani mabichi. Mzinga wa gome uko kwenye tawi la kulia, una mikato mitatu." Ulifurahi mno, ukawasimulia majirani. Mmoja wao, mrina mwenzako, akashangaa. "Mzee, mninga upi? Mbona ulishakatwa?"

Nilipokuja Jumapili hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Ulisema polepole, "Macho yangu yaliondoka yenyewe, sikumlaumu mtu. Haya mengine nilikupa wewe unishikie."

Kisha ukaniambia nikupeleke. Ulitembea umenishika bega mpaka tukafika, ukapapasa kisiki chote kwa viganja, ukaupapasa na mzinga. Vidole vyako vilipofika kwenye ile mikato, vilitulia. Ukakaa juu ya kisiki, ukasema, "Piga picha. Uandike kilichopo."

Nilipiga. Kuandika kulinishinda, nikakuahidi kwamba nitaandika nikitulia. Kila ulipouliza nilisema kesho. Ukaugua, ukaondoka kabla kesho yangu haijafika, na hilo linaniuma kuliko ule uongo wenyewe, baba. Nisamehe.

Watu wananiuliza kwa nini nahangaika na maneno ambayo wenye macho hata hawayaoni. Siku hizi sibishani nao. Nikipiga picha ya chupa iliyopata ufa, naandika ufa. Nta ikiwa na uchafu, naandika uchafu. Kuna mteja mmoja asiyeona, yuko mbali na Tabora, ameniandikia kwamba ananiamini kwa sababu ya ule ufa. Nilitamani nikupigie nikusomee.

Sasa sikiliza, nimemaliza:

"Mzee asiyeona, amevaa koti la kahawia, amekaa juu ya kisiki cha mninga. Kiganja chake cha kulia kimelala juu ya mti uliokatwa. Miguuni pake kuna mzinga wa gome uliopasuka, wenye mikato mitatu mdomoni. Hatabasamu. Anayepiga picha ni binti yake. Haonekani, ila kivuli chake kimeangukia magotini pa mzee."

Nimeituma. Simu imekaa kimya, nami bado naitazama kama vile utapiga.

Pumzika, baba. Lile neno "nzuri" sijaliandika, nimekuachia wewe.

Ni mimi,
kitindamimba wako